Mabati ya Mama

Stesheni ya Kaliua,
9 Novemba 1953

Dada yangu mpendwa Apolinaria,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na cherehani yako nayo haijambo, maana ndiyo inayotulisha. Mimi mwili mzima. Moyo ndio hautulii.

Mvua zimeanza. Jumapili nilikwenda Usoke kumwona Mama. Nyasi za paa zimeoza, na kitanda chake amekihamishia jikoni. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba kila treni ya mizigo ikisimama huenda stesheni kuuliza kama mabati yake yamefika, na karani amechoka kumjibu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Unaujua ugonjwa wangu wa santuri. Nilianza na mbili, nikisema ni za kuondoa uchovu wa zamu. Kisha kila Abasi mchuuzi alipokuja na mzigo mpya kutoka Tabora, nilijiambia hii ndiyo ya mwisho. Sasa ninazo thelathini na moja.

Mwezi uliopita tulimzika baba mkwe. Mussa, mwenzangu wa kazi, ni Mzaramo, mtani wetu, na unajua watani hawana huruma: katikati ya matanga hapa kwangu alijitwika sanduku langu la santuri, akacheza nalo, akasema haliachii mpaka likombolewe. Watu walicheka. Kimoyomoyo nilimshukuru Mungu, nikidhani nimepona.

Siku ya tatu nilishindwa. Nilimfuata Mussa nikamshindilia mkononi shilingi thelathini. Alishangaa, akasema utani hutaka shilingi mbili na kicheko, na mtu anayekomboa namna hii anahitaji mganga. Zilizozidi akanirudishia.

Dada, zile thelathini ndizo zilizokuwa zimebaki katika hawala zako zote tano. Hakuna mabati yaliyokwama njiani. Sikuagiza hata bati moja.

Sanduku linakuja kwako kwa treni ya Alhamisi, na zile shilingi ishirini na nane alizonirudishia Mussa zimo ndani. Uza santuri, ununue mabati wewe mwenyewe, uyapeleke Usoke. Mimi usinitumie tena hata senti.

Mama bado hajui. Kama utamwambia, nakuomba nami niwepo. Nisalimie shemeji na watoto, na binti yako Veneranda mwambie sare ya shule niliyomwahidi naikumbuka.

Ukihesabu utakuta santuri thelathini. Ile moja nimeiweka sandukuni mara mbili, na mara mbili nimeitoa. Nisamehe, Dada, kisha uje uichukue mwenyewe.

Ndimi mdogo wako mwenye aibu,
Hilari