Neno la Osmunda

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi. Nimeshuka Mbinga mjini, nimekaa kwenye kafe ya intaneti, viatu bado vina tope la Maguu, kijijini kwetu.

Namwonea wivu Osmunda. Bora niliandike hivyo hivyo, nisilipambe.

Tunafundisha Kiswahili shule moja na wote tunaandika hadithi. Kwao ni Ngumbo, kando ya ziwa. Kabla ya kupangiwa huku hakuwahi kuona kahawa ikimenywa. Mwezi uliopita nilimkaribisha nyumbani. Mama alikuwa anazungusha mashine ya kumenyea kahawa, kama kila msimu. Osmunda alisimama pale muda mrefu, akisikiliza.

Baadaye akaniletea hadithi yake niipitie. Katika yangu nilikuwa nimeandika, "Mashine ilitoa sauti kubwa." Yeye kaandika kwamba mashine ilikwenda kwachu, kwachu, kama kibogoyo anayekula embe.

Ndiyo yenyewe. Nimeisikia tangu utotoni, sijawahi kuipatia neno.

Nikamwambia, "Mwalimu, hili neno halimo kwenye kamusi. Lifute."

Akachukua kalamu nyekundu mkononi mwangu, akalikata palepale. Nilifurahi. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi.

Jana nilimsomea Mama hadithi ile jikoni. Nilipofika kwenye mstari uliokatwa, nikajikuta nimelisoma neno. Mama akaacha kuchambua maharagwe, akacheka hadi akajifuta machozi.

"Huyo mgeni ana masikio," akasema. "Na wewe, mashine yetu umeiandikaje?"

Nikavuta ungo, nikamsaidia kuchambua maharagwe.

Leo, kabla ya kupanda gari la kuja mjini, nilipita kwa Osmunda. Alikuwa anafua. Nikamwambia bila kuzunguka, "Lile neno lirudishe. Lilikuwa zuri. Nilikuonea wivu."

Akakamua shati taratibu. "Najua, dada. Siku ile ulikuwa unaongea huku unatazama dirishani."

"Kwa nini ulilikata, basi?"

"Ulikuwa umeshika kalamu nyekundu. Nyumbani nikaliandika tena kwenye nakala yangu."

Kisha akanikaribisha chai. Hakunisema. Ningeona nafuu kama angenisema.

Wivu haujaisha. Njia nzima, gari likipiga mashimo na matone yakigonga kioo, nilikuwa najiuliza yeye angeziandikaje sauti zile.

Jumatatu ataniletea hadithi nyingine, ya wavuvi wa kwao. Nitaisoma kama rafiki, au nitaishika tena kalamu nyekundu?