Uso Wako Umehamia Itsandra

Jumatano, 20 Februari 2008. Asubuhi mvua nyembamba kutoka upande wa mlima, ikakatika kabla sijafika kazini. Baadaye jua kali, upepo hakuna.

Mpendwa dada,

Jina lako siliandiki leo, utaona kwa nini. Wala barua hii siitii kwenye bahasha, maana hakuna wa kumpa. Safari za kuja kwenu zimekatika, na simu ya moja kwa moja kutoka Moroni naiogopa, hujui nani mwingine anasikiliza. Naiacha wazi humu kwenye shajara, uisome mwenyewe siku tutakayokaa tena uani kwako Hombo, kule Mutsamudu, kisiwani Nzwani.

Unaikumbuka ile asubuhi binamu yetu Mariama alipokuwa akirudi Marseille? Teksi ilikuwa imekwisha kupiga honi mara kadhaa. Mjomba alisimama mlangoni akifoka kwamba ndege ya Ouani haimngoji mtoto wa mtu. Mizigo ilikuwa nje, mimi nimekumbatia kikapu cha mikate, na wewe umekaa juu ya kibao, uso mzima wa manjano kwa msinzano, liwa yetu ya usoni, bado unasaga kipande cha msandali juu ya jiwe ili Mariama apate liwa ya kwenda nayo. Ukainua macho polepole. Ukatutazama sote kama mtu anayetazama kuku walioingia jikoni, ukasema, "Subirini nioshe uso kwanza."

Mariama akabonyeza kamera yake papo hapo. Wewe ukaenda kuosha uso bila haraka, ukabadili leso, ukaja. Kule Ouani tukakaa juu ya masanduku mpaka alasiri, ndege yenyewe haijafika. Mjomba alikuwa akitazama angani. "Nayo inaosha uso," ukamwambia, ukamkatia mkate.

Mariama aliipenda sana picha ile. Alipofika kwao akaiweka kwenye ukurasa wa intaneti ambako vijana wetu wa huko hukutana kupiga soga, na chini yake akaandika maneno yako vilevile ulivyoyasema, kwa lugha ya Nzwani. Watu wakacheka. Kisha mtu asiyemjua akaichukua, akaiandikia swali juu: "Umeme wa Moroni utarudi lini?" Na wewe chini unajibu, subirini nioshe uso kwanza. Mwingine akauliza mishahara ya walimu. Mwingine akauliza mchumba wake atafunga ndoa lini. Kila swali lisilo na jibu visiwani humu walikuletea wewe.

Unajua kazi yangu, kuandika na kuchapa barua za watu katika duka la intaneti hapa Moroni. Kwa hiyo nilikuona ukipita. Kwanza picha ilikuja kwa barua pepe, watu wakaomba nakala wabandike madukani, na tajiri wangu akapandisha bei ya kuchapa rangi kwa ajili yako. Kisha ikaingia kwenye simu, mtu anamrushia mwenzake barazani bila kulipa chochote. Kisha fulana zikaja kutoka Dubai, uso wako kifuani, na zikaisha. Nilikuwa nikiandika humu kila sura mpya niliyoiona. Niliona pia kwamba maneno yako yalikuwa yamebadilishwa, sasa yako kwa lugha ya Ngazidja, kisiwa hiki cha Moroni, na wateja wangu wakakufanya wa kwao. "Huyu ni wa Mitsamihuli, mtazame jeuri yake," mmoja alisema. Mwingine akaapa anamjua shangazi yako. Nilicheka moyoni. Bahati ile asubuhi ulikuwa na leso ya kazi tu. Ungevaa shiromani, vazi la wanawake wa Nzwani, lingekutaja siku ya kwanza.

Kisha mgogoro wa Nzwani kujitenga na Moroni ukapamba moto, na picha nayo ikaingia humo. Huku walichora visiwa viwili: "Nzwani, utarudi lini?" Kwenu wakaigeuza: "Moroni, mtatuomba radhi lini?" Jibu lako lilikuwa lilelile, na nikaona haki imetendeka. Lakini ikaja moja inayomdhihaki mkubwa wenu kwa jina. Hiyo sikuicheka. Wiki iliyopita mtu aliyevuka kwa mashua kupitia kisiwa cha Mwali alisimulia dukani kwetu kwamba huko kwenu wenye silaha wanafungua simu za watu, na wakikuta ile picha wanauliza: mwanamke huyu ni nani, anakaa wapi, nani kampa Moroni uso wake?



Sasa nikuambie la Ijumaa. Bwana Hamadi, yule anayeuza sabuni na udi sokoni Volo Volo, aliamua kutengeneza pakiti za liwa na kukuweka juu yake. Ila alitaka mwenye uso apatikane, jina na mji, viandikwe kwenye pakiti. "Mali isiyo na mwenyewe ina balaa," akasema. Akatangaza msikitini na sokoni. Mimi nilikaa kimya. Lakini nilijua kwamba mtu wa kuuliza namna ile, mwenye fedha na asiyechoka, siku moja angemfikia mtu wa Mutsamudu mwenye kukujua.

Basi Ijumaa baada ya sala akaingia dukani na mwanamke wa makamo, mnene, uso umepakwa msinzano mzito mpaka kwenye nyusi.

"Kwezi, bweni," Bwana Hamadi akaniamkia. "Mwenyewe huyu hapa. Bi Echata wa Itsandra."

Bi Echata akanitazama kwa jicho la upande, kama lako lakini la kujifunza. "Subirini nioshe uso kwanza," akasema, na watu wote dukani wakaangua kicheko.

"Usioshe!" tajiri wangu akadakia. "Ukiosha biashara imekufa."

Bwana Hamadi hakucheka. Aliniambia, "Wewe umeichapa picha hii tangu ilipoingia Moroni. Jicho lako nalo ni la kazi. Mtazame. Ni yeye?"

Dada, chini ya msinzano mzito ni nani anayemjua mtu? Shavu ni shavu. Nikamtazama Bi Echata, naye akanitazama, na nikaona anaogopa mimi nitasema nini. Nikasema, "Ndiye."

"Alhamdulillahi. Basi asage kidogo tumwone," akasema Bwana Hamadi, akatoa jiwe na msandali kwenye mfuko wake. Alikuwa amejiandaa. Bi Echata akashika msandali akasaga vizuri kabisa, kwa mkono wa kulia.

Bwana Hamadi akachukua picha, akaiinua, akaishusha. "Huyu wa picha anasaga kwa kushoto."

Nikakuona utotoni chuoni, fundi wetu wa Kurani amekufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili uandike kwa kulia. Uliandika kwa kulia, lakini kuchota maji, kusuka na kusaga vyote vilibaki kushoto, hata mama akachoka. "Mradi huli nao," akasema. Mutsamudu nzima inajua dada wa mkono wa kushoto ni yupi. Ndiyo alama pekee iliyobaki kwako katika picha ile, na Bwana Hamadi alikuwa ameigusa kwa kidole.

"Mashine hizi hugeuza picha," nikamwambia. "Hii imepita mikono mingi. Kuna mtu njiani ameigeuza. Njoo uone."

Nikafungua ile isiyo na maneno. Nikabonyeza mahali pawili. Kushoto kukawa kulia, kibao chako kikahamia upande wa pili, na mwanamke wa kwenye kioo cha kompyuta akawa anasaga kama Bi Echata. "Hivi ndivyo ilivyokuwa," nikasema. Sauti yangu ilitoka ya kawaida, nilishangaa.

Bwana Hamadi akatazama picha, akatazama mwanamke, akapiga makofi. "Wallahi ndiye!" Akaniamuru nimtolee hiyo, na ni hiyo iliyokwenda kwenye pakiti.

Bi Echata alibaki nyuma akijifunga buibui lake. Akainama kwenye meza yangu. "Mwenyewe yuko wapi?" akanong'ona.

"Mbali."

Akafikiri. "Mungu amhifadhi. Akija tutagawana. Nimeahidiwa katoni nne, mbili zake." Akatoka, na tangu hapo kila nikisikia vicheko barabarani najua anapita.

Pakiti zimetoka leo. Nimeketi na moja mbele yangu. Juu yake pameandikwa jina la Bi Echata na Itsandra kwa herufi nyekundu, na wewe umegeuzwa. Nadhani ndivyo unavyojiona mwenyewe ukisimama mbele ya kioo chako kile chenye ufa. Sisi wengine hatujawahi kukuona hivyo. Nilidhani ningeona uchungu kukuuza namna hii kwa jina la mtu mwingine. Nilichoona ni usingizi, kama mtu aliyeshusha mzigo.

Mchana nilimpigia Mariama Marseille, naye akakupigia wewe. Nilimwomba akueleze hivi tu: ukiulizwa, sema si wewe, na wakitaka ushahidi waangalie pakiti. Mwanamke yuko Itsandra, ana jina na mji, na Moroni yote inamfahamu. Baada ya nusu saa Mariama akanirudia, anacheka hata hawezi kusema.

"Umempata? Yu mzima?"

"Mzima! Amesikiliza yote mpaka mwisho. Nimemwambia jinsi ulivyomtetea, nikangoja alie. Unajua kaniambia nini? 'Na huyo wa Itsandra, ni mzuri?'"

Tajiri wangu aliinua kichwa kuona kilichonipata. Nilikuwa nimeweka simu mezani, nimejifunika uso kwa leso, nacheka na kulia kwa pamoja. Salio la Mariama likaisha kabla sijajibu.

Basi jibu ni hili, dada, nililokaa usiku huu kukuandikia. Ana sauti nzuri na moyo mzuri. Nyusi zake nene. Amekuzidi miaka kumi, na nusu ya kilo zake hazikuonekana kwenye picha. Si mzuri kama wewe. Hakaribii hata. Bwana Hamadi angekuona wewe umeosha uso, asingehitaji kuuliza mkono.

Kaa ndani, funga mlango wako, kula vizuri, msalimie mjomba asiyependa kungoja.

Mimi mdogo wako wa Moroni.

Nalala sasa, saa sita kasorobo usiku.