Udi Katikati ya Senema

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Jana wajukuu zako walinionesha senema ya zamani ya Kimarekani, ya wachezaji dansi wanaohangaika kufungua onyesho lao, nikacheka peke yangu mpaka wakaniuliza nina nini. Nilikuwa nimekuona wewe, umesimama mbele ya televisheni yetu ya Ibra, unawakinga watu wasione.

Tulipohamia Ibra, huko ndani ya Omani, kwa kazi ya Baba, mwanzoni mwa miaka ya themanini, hukuupenda mji hata chembe. Majirani walikuamkia kwa adabu, wakaishia mlangoni. Kila tukila chakula cha usiku ulimsihi Baba aombe uhamisho wa Maskati, kwenye ndugu zako na Kiswahili chako. Baba akiitikia huku anatafuna.

Ndipo Mjomba akatuletea video na kanda zake. Senema hizo za nyimbo na dansi ulizijua tangu Unguja, kwenye maonyesho ya wanawake peke yao. Alhamisi moja ukawaalika majirani, nao wakaja, nadhani kwa udadisi zaidi kuliko mapenzi. Kiingereza chako kilikuwa cha kuombea maji, lakini uliwafasiria kwa Kiarabu bila ya kusita, na ulipokosa neno ulitunga. Mwenye onyesho ukamfanya ami bahili. Msichana aliyekuwa akingojea kupanda jukwaani ukamfanya yatima. Walipoanza kucheza kwa kugonga viatu, ukavaa mtalawanda wako, viatu vyako vya mbao, ukawaonesha hapo hapo sakafuni. Wanawake walicheka mpaka barakoa zikawakaa upande.

Katikati ukasimamisha kanda, mapumziko kama ya Unguja. Ukapitisha njugu, kisha kwa kuwaenzi wageni ukapitisha chetezo cha udi. Wakajifukiza, wakashukuru, wakaondoka wote. Ibra udi ukishapita mgeni huenda zake, na sisi hatukulijua hilo. Ulikaa na sahani zako za njugu ukalia. Uliamini wamechukizwa na mapaja ya wachezaji. Niliumia sana kukuona vile, Mama.

Asubuhi jirani yetu Bi Thuraya akaja na sinia ya tende, na kabla hajakaa kitako akakuuliza kwa Kiarabu:

"Mbona ulitufukuza? Yule yatima alipanda au hakupanda?"

Mlipoelezana habari ya udi mlicheka mpaka mkashikana. Alhamisi iliyofuata ukumbi ulijaa, na chetezo kikakaa jikoni mpaka senema ilipokwisha. Basi ikawa ndiyo ada yenu. Bi Thuraya akajua kugonga visigino kukushinda, nawe ukawa unajua nani mgonjwa na nani kazaa kabla ya wenyeji. Nyumba yetu haijapata kuwa na kelele tamu kama zile.

Furaha ile bado ninaitumia, Mama. Nikizidiwa na mambo, nakukumbuka unavyogonga mbao sakafuni, na moyo unatulia.

Kisha Baba akarudi kutoka kazini anatabasamu: uhamisho wa Maskati umekubaliwa, tufunge mizigo. Wewe ulikuwa unapangusa vumbi kwenye video. Hata hukugeuka.

"Nenda salama, mume wangu," ulimwambia. "Mimi Alhamisi nina wageni."

Mungu akulaze pahala pema, Mama, penye majirani wazuri.

Mwanao uliyemlea Ibra