Ripoti Niliyoandika Juu ya Mwalimu Mwenzangu

Niboye, Kigali
Jumapili

Dada yangu Saumu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umepona uchovu wa kusahihisha mitihani, na goti la mama limepata nafuu. Bado anakataa kusali amekaa kwenye kiti? Mimi huku mzima, nakula, nalala, na baridi ya asubuhi nimeizoea kiasi kwamba napanda basi kwenda kazini Kacyiru bila sweta. Kwa hiyo ukisoma yanayofuata usidhani naumwa.

Juzi uliniuliza kwenye simu mbona sauti imepoa, nikakudanganya kuwa ni mafua. Mama alikuwa kando yako na simu mliiweka spika, ningesema nini? Ukweli ni kwamba nina wivu, dada. Namwonea wivu mwalimu mwenzangu, na wivu huo umenifanyisha jambo la aibu. Nakuandikia wewe kwa sababu ni mambo ya darasani tangu mwanzo hadi mwisho, na wewe ni mwalimu, utayaelewa.

Unajua kituo chetu kinafundisha lugha watu wazima, wengi wao wafanyakazi wa ofisi za jirani wanaokuja jioni wakitoka kazini. Walimu wa Kiswahili tuko wawili: mimi, na mwanamke anayeitwa Espérance, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura. Kiswahili chake alikiokota sokoni, alikokuwa akimsaidia mama yake kuuza vitenge. Ngeli hana habari nazo. Kwake kila kitu "iko": mtoto iko, kiti iko, mvua iko. Siku ya kwanza nilipomsikia akiuliza "kitabu yangu iko wapi", nilicheka moyoni nikajiambia kwamba kando ya huyu mimi nitang'aa.

Vyumba vyetu vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Mimi nilifundisha kama tulivyofundishwa sisi chuoni Korogwe: naandika ubaoni, wananakili, nauliza, na anayekosea namsahihisha papo hapo. Wanafunzi wangu walikuwa na madaftari masafi ajabu. Lakini kila nikiwapa mgongo kuandika, nilisikia watu wa upande wa pili wakicheka, wakibishana bei, wakiitana shemeji. Wangu walikuwa wanainua vichwa na kuutazama ukuta. Nikaanza kupaza sauti ili nisisikie. Nilipaza hadi koo likakauka, na bado nikawa nasikia.

Kisha wakaanza kuhama. Mmoja alisema saa zimembana, kumbe saa ni zile zile. Mwingine hakuaga, nilimwona tu kwa Espérance, amekaa mstari wa mbele. Nikitoka jioni nilikuwa nachungulia mlangoni kwake nihesabu vichwa. Nilichukia mpaka vitu vidogo: kicheko chake, vitambaa vyake vya kichwa, maparachichi ambayo wanafunzi walimletea kutoka mashambani kwao. Mimi hakuna aliyewahi kuniletea hata ndimu.

Aliyeniuma zaidi ni Mzee Callixte. Huyu ni ofisa anayekaribia kustaafu. Mwanawe ameoa Dodoma, na wazazi wa binti hawajui lugha hata moja anayoijua yeye. Alikuja kujifunza ili aweze kuzungumza na baba wa binti. Hakukosa kipindi changu hata kimoja, na ngeli zote alizikariri. Jioni moja alinisubiri kwenye korido, kofia mkononi.

"Mwarimu," akasema, "nashukulu sana. Wewe unajua Kiswahili kuliko watu wote hapa. Lakini baba wa binti akipiga simu, mimi nafikiri ngeli, nafikiri ngeli, na yeye anakata."

"Kwa hiyo unataka kuhama."

"Naomba luhusa."

Nilimpa ruhusa, tena kwa tabasamu. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa mkuu wa kituo, Bwana Faustin. Nikamwambia kwamba kama mwananchi mwema na mwalimu mwenye cheti, siwezi kunyamaza nikiona watu wanafundishwa Kiswahili kibovu. Ona nilivyojipamba. Faustin alikulia Uganda, na Kiswahili chake mwenyewe anakisema kwa woga, kwa hiyo jambo hilo lilimgusa.

"Madam, wewe ndiye unajua," akasema. "Ingia darasani kwake siku moja, usikilize, uniandikie ripoti."

Nikaingia, na daftari na kalamu nyekundu. Espérance alinikaribisha bila wasiwasi, akanipa kiti karibu na dirisha. Nikaanza kuandika makosa. Ukurasa wa kwanza ulijaa upesi.

Lakini nikawa naona na mengine. Aliwagawia karatasi wawili wawili, mmoja ana bei za vitu ambavyo mwenzake hana, na hawaruhusiwi kuoneshana. Ikabidi waulizane, hakuna njia nyingine. Mtu akikwama, hakumrukia na jibu, alimtazama tu na kusubiri, na mara nyingi neno lilikuja lenyewe. Kisha akaweka viti viwili, migongo imegusana, akasema hiyo ni simu, kwa sababu kwenye simu hakuna mikono wala uso wa kukusaidia. Akamkalisha Mzee Callixte upande mmoja, na upande wa pili karani mmoja kijana awe baba wa binti.

Mzee aliongea, dada. Alikosea kila sentensi, lakini aliongea. Aliuliza habari za mvua, za ng'ombe, akauliza mjukuu amepata meno mangapi. Espérance hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa anaandika vitu kwenye kikaratasi. Mwishoni aliandika ubaoni sentensi tatu zenye makosa, bila kutaja ni za nani, akauliza darasa zima zingesemwaje vizuri zaidi. Moja wakairekebisha sawasawa. Mbili wakaziharibu zaidi, naye hakujua. Mimi nilijua, na kalamu yangu ilikuwa imesimama muda mrefu bila mimi kutambua.

Nilipofika nyumbani nikaandika ripoti. Niliandika makosa yote, yale ya kweli, hakuna hata moja nililozua. Viti vya mgongo kwa mgongo sikuviandika. Karatasi za bei sikuziandika. Mzee Callixte na meno ya mjukuu sikuyaandika.

Wiki haikuisha, Faustin akamsimamisha Espérance na kuniunganishia madarasa yote mawili. Nilimkuta akipanga vitu vyake kwenye boksi, zile karatasi zake, maboksi matupu ya sabuni na majani ya chai anayofundishia mambo ya dukani.

"Dada," akasema, "mimi najua Kiswahili yangu iko ya sokoni. Ile uliandika yote iko kweli." Akafunga boksi kwa kamba. "Lakini ile ingine, hukuiona?"

Alisubiri kidogo, kama anavyosubiri wanafunzi wake, kisha akaondoka.

Basi nikapata nilichokitaka. Chumba kimejaa mpaka viti vya kuazima, na wote wamekaa kimya. Nikasema nami niweke viti mgongo kwa mgongo, si ni viti tu. Nikamwita Mzee Callixte. Akafungua kinywa, "Mtoto yangu amesema...", nikamwambia, "Mtoto wangu." Akaanza upya, akafika "mvua iko mingi", nikamkatiza tena. Mara ya tatu aliinua mkono bila kugeuka.

"Mwarimu, buretse," akasema, yaani ngoja. "Nimalize kwanza."

Hakumaliza. Alirudi kwenye kiti chake, akafungua daftari, akashika kalamu akisubiri niandike ubaoni ili anakili. Wengine nao wakafungua madaftari. Nikaandika ubaoni. Sikuwa na la kufanya zaidi ya hilo.

Siku mbili baadaye nikarudi kwa Faustin nikamwambia nusu niliyoiacha. Alikasirika, na alikuwa na haki. "Kwa nini hukuandika?" akauliza. Nikamwambia kwa sababu nilikuwa na wivu. Akasema Espérance atarudi, ila tutafundisha darasa moja pamoja, na kumwomba arudi ni kazi yangu.

Anakaa Kagarama. Nilimkuta anaanua nguo. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama uani, maana hakunikaribisha ndani. Akazikunja nguo zote mpaka ya mwisho.

"Nitafikiri," akasema.

Jumatatu iliyofuata alikuja. Hatujakumbatiana wala hatujawa marafiki, usije ukadhani. Yeye anawafungua midomo, mimi nakaa nyuma nimenyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi nzito kuliko kufundisha. Muda wa mwisho ndio wangu. Nachukua sentensi tatu au nne, tunazinyoosha pamoja, na hapo Espérance naye ananakili, bila aibu, mbele ya wanafunzi wake. Wiki iliyopita aliniuliza kwa nini tunasema "mvua nyingi", na nilipomweleza aliandika akapigia mstari.

Alhamisi Mzee Callixte alipigiwa simu darasani akatoka kwenye korido. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake. Akanipita mimi niliyekuwa mlangoni, akaenda moja kwa moja kwa Espérance kumwambia kwamba baba wa binti amemwalika Dodoma na kwamba wamezungumza hadi salio la mwenzake likaisha. Nikatabasamu na wengine. Lakini dada, ndani kuliwaka kama siku ya kwanza. Haujatoka huu wivu. Nimeacha tu kuutuma kazi.

Nikuambie na jingine ambalo hujawahi kulijua. Ulipoanza kufundisha darasa la kwanza, watoto walikuwa wanakusindikiza hadi nyumbani wakigombea kubeba mkoba wako. Nilikuwa nasimama dirishani naona. Ndiyo sababu nikasomea ualimu. Niandikie basi, unawafanyaje watoto wa juma la kwanza mpaka wanafungua midomo? Sikuwahi kukuuliza, nilikuwa naona kama nitakuwa nimeshindwa.

Nisalimie shemeji na umwambie redio yake naitafutia betri. Msalimie mjomba wa Muheza, na yule jirani yetu mshona nguo, mwambie gauni lake limesifiwa mpaka Rwanda. Wabusu wanao wote wawili.

Barua hii usimsomee mama yote. Sehemu ya ripoti iruke. Mwambie tu kwamba nafundisha na mwenzangu, anaitwa Espérance, na kwamba ni mwalimu mzuri kuliko mimi. Lisemwe kwanza huko nyumbani, kwa sababu hapa bado sijaweza kulitamka.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi