Degre haihesabiwe kama taa

Baraka, tarehe 9 mwezi wa tano

Papa yangu wa kule Kigoma,

Salam aleikum. Tuko wazima, na mama anakausha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa.

Juzi mwalimu wa hesabu aliandika polinomi mbili kwenye ubao: x⁵, na x² + 7x + 4. Akauliza, "Gani iko na degre kubwa?" Nikajibu mbio: ya pili, kwa sababu iko na vipande vitatu. Nilihesabu vile tunahesabu taa za kuvulia hapa ziwani: mwenye taa nyingi ndiye mukubwa. Batoto bote bakacheka. Kumbe degre haiangalie wingi wa vipande, inaangalia ile namba kubwa yenye kukaa juu ya x. Basi x⁵, hata iko peke yake, ni degre ya tano. Ile ndefu ni ya pili tu. Sasa sikosee tena.

Papa, tangu mitumbwi yako izame unasema hauwezi kurudi mikono mitupu. Ndoa ya dada Riziki ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na baba mukubwa anataka kusimama pahali pako kama walii, yeye ndiye amuozeshe. Nimemwambia angoje.

Kuja peke yako, bila taa hata moja. Mi najua kuhesabu sasa.

Mutoto wako,
Yasmina