Kikohozi cha Mjomba Kinamasini

Nyumba ya Watunza Ndege,
Chumba cha Pili, Ukingoni mwa Kinamasi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na lile jino ulilokataa kung'olewa? Sisi huku ni wazima. Mama, dada yako, presha imeshuka ila maneno yamepanda. Kila siku anauliza kama umeandika. Mimi nina afya tele, isipokuwa usingizi umeniruka kwa furaha.

Kaa kwanza. Umekaa? Mjomba, kwiliko wamerudi!

Ndiyo, ndege wale wale wa miguu myekundu, waliotoweka kabla sijaanza shule. Wataalamu walichukua chembe za uhai kutoka kwenye ngozi zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho, wakazitia kwenye mayai ya ndege wa ukoo wao. Sitajifanya naelewa yote. Kazi yangu ni kulisha na kufagia. Lakini nilikuwepo yai la kwanza lilipopasuka, nikalia kama mtoto. Sasa wako kumi na mmoja.

Kinamasi nacho kimejaa. Ule mfereji uliouchimba kwa katapila tumeuziba, na matete yamenipita kimo. Najua hupendi kuuzungumzia. Nivumilie kidogo.

Vifaranga waligoma kuingia majini. Kwiliko haingii mpaka aitwe na mkubwa, na hawa hawana mkubwa. Sauti yenyewe hakuna aliyewahi kuinasa. Tarehe thelathini kamati ya kuwakagua inakuja: wakiogelea na kujitafutia chakula, lango linafunguliwa waende huru kinamasini; wakigoma, watabaki vizimbani maisha yao yote. Hata daktari wa ndege, bosi wetu tunayemwita Kimya, alishakata tamaa.

Ndipo nikakumbuka kanda ya harusi ya Mama. Si ulipewa kipaza sauti utoe hotuba, ukamwiga kwiliko mpaka watu wakavunjika mbavu? Nikaifukua sandukuni kwa Mama, nikaipiga pale ukingoni. Mjomba! Wote kumi na mmoja waliinua shingo, wakashuka majini mmoja mmoja. Kimya alinikumbatia, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa nyusi.

Sasa kosa langu. Sikukata ule mwisho, pale sigara zako zilipokuumbua ukakohoa mara mbili. Nimewapigia hivyo siku tisa mfululizo, na wameshika hivyo hivyo. Mwito peke yake hauwatoshi. Wanasimama ukingoni wamekodoa macho, wakisubiri ukohoe. Tumejaribu kukohoa sote, hadi mpishi. Wanatutazama kama wendawazimu.

Juzi redio ikaitafuna kanda yote. Kila siku nilikuwa nasema nitainakili kesho. Nimejilaumu mpaka nimechoka.

Kwa hiyo umebaki wewe. Ungeweza kunirekodia kwenye simu, najua, lakini siombi hivyo. Nakuomba upande basi uje. Uliapa hutakanyaga tena huku kwa sababu ya katapila, na umejiadhibu miaka yote hii kwa kazi uliyotumwa. Inaniuma, Mjomba. Nimekukosa kwenye mahafali yangu, nimekukosa kwenye harusi yangu. Ndege hawa hawajui nani alikausha maji. Wanachojua ni sauti yako, na wakiisikia wanaingia.

Mama ameshatandika kitanda cha chumba cha uani, ingawa anasema ni kwa ajili ya wageni. Nisalimie mkazamjomba, binamu yangu fundi cherehani, na mdogo wake yule mchelewaji wa kila kitu. Mwambie tarehe thelathini haisogezwi.

Mungu akupe safari njema na pumzi ya kutosha.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ukininunia,
Chiriku

Dawa ya kikohozi iache huko huko.