Mochi ya Ulezi Baada ya Arobaini

Jumamosi. Jua linawaka na bado baridi inapenya mpaka mifupani, ile baridi kavu ya Johannesburg. Nayaona hayo yote kupitia dirisha la jikoni.

Arobaini yangu imekwisha. Mtoto hajambo, mimi sijambo, na bado niko ndani.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kunilea, na mfuko mkubwa wa unga wa ulezi. Uji asubuhi, uji mchana, uji usiku. "Kunywa, maziwa yashuke." Yameshuka zamani! Sasa anaongeza siku kwa kisingizio cha baridi. Mume wangu, anayelinda jengo moja Sandton, akirudi anasema tu, "Msikilize mama." Nampenda huyu mama, lakini nimemchoka mpaka naona aibu kuandika.

Basi nikaamua kuugeuza ule ulezi. Nilikuwa nimeona kwenye simu mochi, vile vitamu laini vya Kijapani. Juzi nilijaribu kwa unga wa mchele wa vitumbua, maana kwetu unga wa mchele ni unga wa mchele. Vikamomonyoka. Kumbe unatakiwa wa mchele unaonata, na mume wangu akaniletea kutoka duka la Wachina. Leo nimeuchanganya na ulezi, sukari na maji, nikabandika, nikasonga kama ugali. Donge likavutika! Nilicheka peke yangu.

Tatizo ni kwamba donge liliganda mikononi, kwenye mwiko, kila mahali. Lilihitaji kunyunyiziwa konflawa, na konflawa ipo spaza, kiduka cha hapo kona tu.

Nikambeba mtoto mgongoni. Mama akasimama mlangoni.

"Mama, mimi si mfungwa!"

Sijawahi kumpandishia sauti. Nilidhani atanuna. Akakaa kitini, akasema taratibu: "Mwanangu, mtoto hana neno. Ukitoka, nabaki peke yangu. Mtu akija kugonga nitamjibu kwa lugha gani? Tangu nifike sijavuka hilo geti."

Kweli hajavuka. Na mimi, kwa kujihurumia, sikuwahi kuliona hilo.

Tukala mochi kwa kijiko, hivyo hivyo inavyonata. Alisema ni tamu, ila inataka kuondoka na meno yake.

Nimemwahidi kesho tutatoka sote, yeye, mimi na mtoto, tutembee mpaka barabara kubwa. Amefurahi sana. Ameshachagua na khanga ya kuvaa juu ya sweta.

Jambo moja sijamwambia. Mimi nikiwa njiani simu ikilia sipokei, isije ikasikika lugha yangu, watu wakajua mimi ni mgeni, na hapa wageni huandamwa. Naye mama hajui kunong'ona.

Kesho, pale kwenye robot, taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, akiniita kwa sauti mbele za watu, nitaitika?